Kori mbili au kori nne: nitoe 9,500 au 15,000?

#1 SaibaYaGithurai
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nina saiba ndogo (duka la intaneti) Githurai 44, Nairobi. Mashine ni tatu, zote zina prosesa ya Core 2 Duo E8400 ya 3.0 GHz, RAM GB 4, diski zile za zamani za kuzunguka. Zimenilisha miaka sita na siwezi kuzisema vibaya. Lakini mwezi Juni, watu wakifurika kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, zinaganda. Mteja amefungua kurasa nane, anangoja PDF ifunguke, nyuma yake wamesimama watano, na wawili wameshavuka barabara kwenda kwa jirani.

Nataka kuongeza nne. Jana nilipanda ghorofa fulani Luthuli nikaonyeshwa aina mbili, zote ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Ya kwanza ni kasha kubwa la kusimama, i3-4130 ya 3.4 GHz, kori mbili (yaani sehemu mbili za kufanya kazi ndani ya prosesa), RAM GB 4, diski GB 500, bei 9,500. Ya pili ni kile kiboksi kidogo unachoweza kukificha nyuma ya monita, i5 "ya kori nne", RAM GB 8, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) GB 256, bei 15,000.

Muuzaji aliniambia: "Ya kori nne ni mara mbili ya hiyo nyingine." Tofauti ni 5,500 kwa mashine, yaani 22,000 kwa zote nne. Hiyo ni kodi ya kibanda changu miezi miwili. Ni kweli ni mara mbili? Kazi zangu ni brauza, huduma za serikali za eCitizen, maombi ya vyuo ya KUCCPS, Word, kuskani, kuchapisha. Jioni kuna kijana hukodi mashine kuhariri video za harusi.

#2 Mtoto_wa_Zimma
Niaje msee wa Githurai. Chukua kori nne bila kufikiria. Hesabu ni rahisi: 3 GHz mara kori nne ni 12 GHz. Ya kori mbili ni 3.4 mara mbili, haifiki hata 7. Mteja atahisi tofauti kabla hajakaa.

#3 FundiGhorofani
Zimma, hiyo hesabu ya kujumlisha GHz huwa naisikia kila wiki na si ya kweli. Hakuna prosesa ya 12 GHz hapo.

Angalia kibanda cha chapati. Mama mmoja anakanda, anasukuma, anachoma. Ukimletea msaidizi, mmoja anasukuma na mwingine anachoma, kazi inakimbia. Mlete wa tatu na wa nne huku kikaangio ni kile kile kimoja, hao wawili watasimama kando wakiongea. Lakini ikija oda ya chapati 200 za matanga na mko na majiko manne, hapo watu wanne ni wanne kweli.

Kori ni watu. GHz ni kasi ya mikono yao. Majiko ni jinsi programu ilivyoandikwa, kama inaweza kugawa kazi au inafanya hatua moja baada ya nyingine. Kuna na ujuzi wa mpishi: i3-4130 ya mwaka 2013 kwa 3.4 GHz inafanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo wa saa kuliko E8400 ya mwaka 2008 kwa 3.0. Kwa hivyo hata ukinunua kori mbili mpya, hurudi ulikotoka.

Kwa video za harusi, nne. Kwa ritani na Word, sioni 5,500 hapo.

#4 Mtoto_wa_Zimma
Sawa fundi, nimekusikia. Lakini brauza siku hizi hufungua kila ukurasa kama programu yake. Kurasa nane si ni majiko manane?

#5 FundiGhorofani
Hapo umenigusa pahali pazuri. Ni kweli, brauza hugawa kurasa katika michakato tofauti. Lakini ukurasa unaosoma ndio unaofanya kazi, hizo saba zingine mara nyingi zimelala. Na ndani ya ukurasa mmoja, sehemu kubwa ya JavaScript (maagizo yanayouendesha) hupita njia moja. Kwa hivyo majiko ni manane, ila yanayowaka ni moja au mawili.

#6 MwalimuChaki
Wadau, mnabishana kuhusu wapishi na unga bado uko sokoni.

Nafundisha kompyuta sekondari. Maabara yetu ina mashine 20, E8400 kama za mwenye uzi. Mwaka juzi tulipata pesa kidogo za PTA, tukaweka SSD kwenye mashine 10 pekee. Prosesa ile ile, RAM ile ile, na madabodi ni za SATA (njia ya kuunganisha diski) ya zamani ya gigabiti 3. Tangu siku hiyo wanafunzi wakifunguliwa mlango hukimbilia upande wa dirishani, kwa sababu ndiko ziliko zile 10. Mwanafunzi mgeni ambaye hajui kori ni kitu gani anajua ni mashine zipi zinaamka haraka.

Ndugu wa Githurai, kabla hujanunua chochote fanya jambo moja. Mashine ikiganda, fungua Task Manager (lile dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa mashine) uone ni mstari upi umefika 100. Ukiwa wa diski, hata nikupe kori 16 utaendelea kungoja.

#7 WayaWaFaiba
Au tatizo ni laini ya intaneti. Mashine tatu, kuna mtu anatazama mpira kwenye moja, na wewe unalaumu prosesa. Una Mbps ngapi hapo?

#8 SaibaYaGithurai
Asanteni sana. @WayaWaFaiba nina Mbps 10, na mpira nimeupiga marufuku. @MwalimuChaki nitapima leo jioni.

#9 MhasibuViwandani
Niongeze langu. Niko kwenye ofisi ya kiwanda, kazi yangu ni Excel kutoka asubuhi hadi jioni. Tangu toleo la 2007, Excel hugawa ukokotoaji wa fomula kwa kori zote. Nilipohamishwa kutoka i3-2100 kwenda i5-2400, faili ya stoku yenye fomula elfu nyingi ambayo nilikuwa naiacha ikihesabu nikaende kuchukua chai, sasa inamaliza kabla sijarudi na kikombe.

Lakini makro (programu ndogo ya ndani ya Excel) tuliyoandikiwa na kijana wa zamani, ile ya VBA ya kupanga ankara, haikubadilika kiasi cha mimi kuona. Prosesa zote mbili ni 3.1 GHz, na makro hupita kori moja tu. Kwa hiyo mashine ile ile, programu ile ile, asubuhi naisifu na mchana naitukana. Anayesema kori nne ni mara mbili aulizwe kwanza: mara mbili ya kufanya nini?

#10 MzeePentium
Vijana, ubishi huu si mpya. Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi ofisi moja Moi Avenue, na swali lilikuwa hili hili: E8400 ya kori mbili, 3.0 GHz, au Q6600 ya kori nne, 2.4 GHz. Wenye kujua walituambia mbili zenye kasi zinashinda nne za polepole, kwa sababu programu za wakati huo hazikujua kutumia nne. Nikachukua E8400. Mwenzangu wa dawati la pili akachukua Q6600, tukamwona amepoteza pesa.

Mwaka 2014 mimi nilikuwa nimeshauza yangu. Yeye bado alikuwa na ile Q6600, ameiongezea RAM, anafanya kazi zake bila shida. Programu zilimfuata polepole hadi zikamkuta. Kwa hivyo ukinunua mashine ya kukaa nayo, nunua ya kesho. Hizi za kori mbili ndizo zilizokuwepo tangu Intel walete kori mbili za kwanza duniani mwaka 2005, zimeshatumika vya kutosha.

#11 Msomi_Parklands
Shikamoo Mzee, marekebisho madogo kwa heshima. Mwaka 2005 ni wa kompyuta za mezani: Pentium D ya Intel na Athlon 64 X2 ya AMD zilitoka mwaka huo huo. Lakini IBM walikuwa wametoa POWER4 yenye kori mbili mwaka 2001, kwa seva. Na ile Q6600 haikuwa kipande kimoja. Ni vipande viwili vya kori mbili mbili vimewekwa chini ya kifuniko kimoja, vikitaka kuongea vinapitia basi la nje la madabodi. AMD waliposema Phenom yao ya 2007 ndiyo kori nne halisi, walikuwa wanapiga hapo.

#12 MzeePentium
Marahaba. Nimepokea hiyo ya IBM. Ya vipande viwili nilikuwa naijua, ila mwenzangu hakuwahi kuilalamikia.

#13 MamaTokeni
Mimi nauliza ya stima. Nina duka la kuchapisha Umoja, nanunua tokeni kila wiki na inaniuma. Kori nne si ni kulipa stima mara mbili? i5-4570 nimeona imeandikwa wati 84, i3-4130 wati 54.

#14 FundiGhorofani
Mama, hizo wati ni kipimo cha joto ambalo feni lazima iweze kuliondoa kazi ikiwa imejaa. Mita yako haisomi hivyo mchana kutwa. Mashine ikiwa imekaa kwenye Word, zote mbili zinashuka chini sana na tofauti yake ni ndogo. Tufanye mabaya kabisa: i5 inachapa kazi iliyojaa saa 10 mfululizo. Tofauti ya wati 30 mara saa 10 ni wati-saa 300, yaani 0.3 ya yuniti kwa siku. Na hakuna mashine ya kuchapisha inayofanya kazi hivyo. Tena kazi nzito ikigawanywa kwa nne huisha mapema, prosesa inalala.

Printa yako ya leza inapopasha ule mtungi wake inakula zaidi ya hizo prosesa zote mbili. Hapo ndipo pa kuangalia.

#15 MamaTokeni
Basi nimekuelewa. Ile printa nitaizima mchana kukiwa hakuna kazi.

#16 BitiZaKayole
Mimi natengeneza muziki. Nilianza na Pentium G4400, kori mbili na thredi mbili (thredi ni foleni ya kazi ambayo kori inapokea). Biti ya nyimbo za injili ina kwaya, kinanda, besi, ngoma, kila mstari una madoido yake. Nikifika mstari wa 14 sauti inaanza kukatika: tk tk tk. Kila mstari ni kazi yake, kwa hivyo programu inaweza kuigawia kori tofauti. Nikanunua i5-6500 nikaichomeka kwenye madabodi ile ile, soketi ile ile. Sasa naenda mistari 30 na zaidi. G4400 ni 3.3 GHz, i5-6500 ni 3.2. GHz ilipungua na kazi ikaongezeka.

Kwa hivyo fundi anaposema haoni 5,500, mimi naziona wazi kabisa. Inategemea unauza nini. Mimi nauza mistari.

#17 Msomi_Parklands
Alichosema Biti na alichosema Mhasibu vinakutana kwenye kanuni moja ya mwaka 1967, ya Gene Amdahl. Sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo. Nusu ya kazi ikigawika na nusu isigawike, kori mbili zinakupa kasi mara 1.33 na kori nne mara 1.6. Hata ukiweka kori 1,000 hufiki 2. Lakini sehemu tisa kwa kumi zikigawika, mbili zinakupa 1.82 na nne zinakupa 3.08.

Biti za Kayole ziko kwenye tisa kwa kumi. Makro ya Mhasibu iko karibu na sifuri. Saiba iko katikati, na ndiyo maana mtabishana mpaka kesho.

#18 SaibaYaGithurai
Nimepima jana saa kumi na mbili jioni, wakati wa msongamano. Nimeandika kwenye daftari.

Kuwasha na kufungua brauza: diski 100, prosesa kama 40.
Kurasa nane zikiwa wazi: RAM 93, diski inapanda 100 na kushuka.
Kufungua ukurasa wenye video ya maelekezo: prosesa 100 kori zote mbili, diski 20, kipanya kinaruka ruka.

#19 MwalimuChaki
Diski. Nilisema.

#20 Mtoto_wa_Zimma
Mwalimu soma mstari wa tatu. Prosesa 100 kori zote mbili! Hizo mbili zimezidiwa.

#21 FundiGhorofani
Mstari wa pili ndio mama yao. RAM ikifika 93, Windows inahamishia vitu kwenye diski, ndiyo sababu diski inapanda. Weka GB 8 kwanza. Na hiyo ya video, E8400 inafungua video za siku hizi kwa nguvu ya prosesa peke yake, haina kifaa cha kuisaidia. i3-4130 ina grafiki ndani inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa video. Tena hapo si hesabu ya kori.

Na umewahi kufungua kasha ukapuliza vumbi? Githurai najua vumbi lake. Feni ikiziba, prosesa inapunguza kasi yenyewe isiungue.

#22 WayaWaFaiba
Na hakuna aliyepima laini. Haya.

#23 SaibaYaGithurai
Vumbi nilipuliza Machi. Sasa wadau, nimerudi Luthuli asubuhi, nikamwomba muuzaji aniwashie kile kiboksi cha 15,000. Akafungua Device Manager akanionyesha prosesa zimeorodheshwa mistari minne. Pia nimepiga picha kibandiko cha chini. Kimeandikwa i5-4570T. Nimetumia muda mwingi hapo na karibu nilipe. Niambieni kama kuna ubaya.

#24 FundiGhorofani
Usilipe.

Hiyo herufi T ndiyo habari yote. i5-4570 bila T ni kori nne, thredi nne, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) MB 6, wati 84. i5-4570T ni kori MBILI, thredi nne, kashe MB 4, wati 35. Jina karibu lile lile, kitu tofauti kabisa. Mistari minne uliyoonyeshwa ni thredi. Rudi, fungua Task Manager, upande wa Performance, bonyeza CPU, soma chini: utaona Cores 2, Logical processors 4.

Sasa linganisha na ile ya 9,500. i3-4130 ni kori mbili, thredi nne, 3.4 GHz. Ile T ni kori mbili, thredi nne, 2.9 GHz na inaweza kupanda hadi 3.6. Kwa prosesa hao ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti halisi ya 5,500 ni SSD, RAM GB 4 za ziada, na udogo wa kasha. Labda inafaa, labda haifai, lakini usiilipie jina la kori nne.

#25 Mtoto_wa_Zimma
Eh! Kumbe i5 inaweza kuwa kori mbili? Mimi nilijua i3 ni mbili, i5 ni nne, basi.

#26 FundiGhorofani
Kwa mezani ndivyo ilivyokuwa mara nyingi, ila si sheria. Kwenye laptopu za miaka hiyo i5 nyingi zilikuwa kori mbili. Na kuanzia mwisho wa 2017, i3-8100 ikaja na kori nne kamili, 3.6 GHz. Kwa hivyo kuna i5 za mbili na i3 za nne. Soma namba yote hadi herufi ya mwisho.

#27 MhasibuViwandani
Muuzaji amekusudia au hajui? Hilo ndilo linaloniuma. Mtu anatoa kodi ya miezi miwili kwa kuamini mistari minne kwenye skrini.

#28 MzeePentium
Mimi naona wengi hawajui. Nimesimama kwenye maduka hayo miaka mingi. Kijana ameajiriwa wiki jana, ameambiwa "hesabu mistari". Thredi pacha kwa kompyuta za mezani zimekuwepo tangu Pentium 4 ya 3.06 GHz mwaka 2002, na hata wakati huo watu walikuwa wanaona prosesa mbili kwenye Windows wanadhani wamepata mbili.

#29 BitiZaKayole
Kutojua hakurudishi pesa ya mtu, Mzee. Anayeuza ajifunze.

Lakini thredi si bure kabisa. Zile nne juu ya kori mbili zinasaidia. Mpishi akiwa anangoja chapati igeuke, mkono mwingine unakatakata vitunguu. Haiwi wapishi wawili, ila ni zaidi ya mmoja.

#30 KareniBaridi
Mkiwa na AMD hamngekuwa na haya matatizo ya herufi. Nilikuwa na FX-4100, kori nne halisi, bei ya i3.

#31 Msomi_Parklands
Karen, pole, umechagua mfano mgumu. FX-4100 ya 2011 ina moduli mbili. Kila moduli ina kori mbili za hesabu za namba nzima, lakini zinagawana kitengo kimoja cha hesabu za desimali. Watu Marekani waliishtaki AMD kwamba FX za muundo huo, zile zilizouzwa kama za kori nane, hazikustahili kuitwa kori nyingi kiasi kilichotangazwa, na mwaka 2019 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 12.1. Kwa hivyo swali la "kori halisi ni ipi" limefika hadi mahakamani, na wala halikujibiwa huko.

#32 KareniBaridi
Kesi naijua. Kwa matumizi yangu zilihesabika nne, nilikuwa nabana faili na zote zinapanda. Kwa namba nzima zilikuwa nne.

#33 Askari_wa_Data
Naona posti zaidi ya 30 na hakuna aliyegusa kitu kikubwa. Zote unazotaka kununua ni kizazi cha nne cha prosesa za Intel. Microsoft walimaliza kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu, na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Cha ajabu ni kwamba kwa idadi inataka kori mbili tu na 1 GHz. Kwa hivyo i5-4570 ya kori nne inakataliwa na Pentium mpya ya kori mbili inakubaliwa.

Wewe watu wanaingiza kwako PIN na nywila za eCitizen, vitambulisho, vyeti vya watoto. Mashine isiyopata viraka vya usalama ni hatari kwao, si kwako pekee. Mimi ningenunua mbili za i3-8100 badala ya nne za kizazi cha nne.

#34 SaibaYaGithurai
@Askari_wa_Data hili sikulifikiria na umenipa usiku mgumu. Nimeuliza bei za i3-8100 leo, zinanizidi kwa sasa. Mbili hazinitoshi Juni.

#35 MwalimuChaki
Maabara yetu tulihamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa sababu hiyo hiyo, zile 10 za dirishani. Brauza inafanya kazi, viraka vinakuja. Wanafunzi walizoea kwa wiki mbili. Shida kwako ni printa na skana, jaribu kwanza na mashine moja kabla ya kuhamisha zote.

#36 MamaTokeni
Na wateja wazee wakiona skrini si ile waliyozoea watasema mashine imeharibika. Kwangu ilitokea.

#37 SaibaYaGithurai
Narudi baada ya siku tisa. Nimenunua i3-4130 tatu kwa 9,000 kila moja baada ya kubishana vizuri, nikaziwekea SSD na kuongeza RAM hadi GB 8. Ya nne nimechukua i5-4590 ya kasha kubwa, nimesoma Task Manager mwenyewe: Cores 4, Logical processors 4. Hiyo ni ya kijana wa harusi. Linux naijaribu kwenye E8400 moja, printa imekubali, skana bado inasumbua.

Video ya harusi ya saa nzima, ambayo kwenye E8400 alikuwa anaiacha usiku kucha na mimi nafunga mlango nikiwa na wasiwasi, kwenye i5 imeisha kwa dakika 50. Alinipigia simu niko dukani nanunua maziwa.

#38 BitiZaKayole
Kori nne! Nilisema mwanzo.

#39 MwalimuChaki
Na SSD je? Faili za video ni GB nyingi.

#40 MzeePentium
Na kizazi. Miaka sita kati ya E8400 na 4590, hiyo si kori.

#41 FundiGhorofani
Wote subirini. Dakika 50 kutoka usiku kucha ni kubwa mno kwa kori peke yake. Nadhani programu yake imewasha Quick Sync, kile kifaa cha kubana video kilicho ndani ya grafiki ya Intel. Kama ndiyo, kori zake nne zilikuwa zimepumzika kwa sehemu kubwa ya kazi, na i3-4130 nayo ina Quick Sync. Mwambie aizime kwenye mipangilio ya kutoa video, atoe tena video ile ile. Kisha airudie kwenye i3 moja, ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Tupate namba nne.

#42 Mtoto_wa_Zimma
Fundi ikitoka sawa kwenye i3 utakuwa umemaliza mjadala.

#43 FundiGhorofani
Haumaliziki. Quick Sync hubana haraka ila wenye macho huona ubora unashuka kidogo kwenye sehemu zenye mwendo. Akitaka ubora wa juu lazima arudi kwa kori, na hapo Biti ana haki yake.

#44 SaibaYaGithurai
Nimemwambia. Leo ameenda Kitui kwenye harusi nyingine, anarudi Jumatatu na kadi imejaa. Nimemwachia i5 na i3 moja jioni hiyo bila malipo ili apime zote. Nikipata namba nne nitaziweka hapa.

#45 WayaWaFaiba
Na Mbps umeongeza?

#46 SaibaYaGithurai
Bado.